Makumbusho ya Ujiji: tarehe zinazokuja ni zetu, tuzijaze wenyewe

mwana_lwama (mleta uzi)

Wakuu mwakeye.

Kila ikifika mwezi wa tano naona wadau wanaposti picha za Siku ya Makumbusho Duniani, tarehe 18 Mei, mara Dar, mara Arusha, mara Songea, na sisi wana Kigoma tunapita tunagonga laiki tunaendelea na mambo yetu wakati makumbusho tunayo hapo Ujiji, bajaji tu kutoka Mwanga mjini Kigoma. Hii siku ipo tangu 1977, ilianzishwa na ICOM, lile baraza la kimataifa la makumbusho, inaadhimishwa kila mwaka. Kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri mtu atutangazie, tarehe inajulikana, mahali panajulikana, bado sisi kwenda tu.

Ila sijaleta uzi kwa ajili ya siku moja. Nataka tuangalie mwaka mzima, maana Ujiji na Kigoma zina tarehe nzito nyingi na naamini kabisa zikishikwa na wenyeji makumbusho yetu hayataonekana tena kama mahali pa wageni peke yao.

Kwa ambao hawajafika: ukiingia ndani unakutana na sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, na kofia yake mkononi, na Livingstone mwenyewe, mmisionari na mpelelezi wa Kiingereza, mbele yake. Ukitoka nje kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na kibao kinachosema hapa, chini ya mwembe uliokuwepo, Stanley alikutana na Livingstone 10 Novemba 1871. Ule mwembe ulishakufa zamani, miembe iliyopo ni uzao wake. (Hiyo tarehe ni ya Stanley, Livingstone kwenye daftari lake kaiweka mwishoni mwa Oktoba, wasomi wanabishana mpaka leo.) Mtu anapiga picha, anasoma kibao, anaondoka.

Sasa hoja yangu ndo hii. Siku ile uwanja ulijaa watu. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa tatu 1871 na msafara wa watu karibu 190, aliugawa mafungu matano, na karibu wote ni watu wetu, wapagazi, askari, wapishi, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, anatembea mbele na bendera. Punda karibu wote walikufa njiani, mzigo ulifika Ujiji kichwani au begani kwa mtu. Na mtu wa kwanza kumsalimia Stanley pale Ujiji hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kule mto Zambezi, alichomoka kwenye umati akamsalimia kwa Kiingereza, Stanley akashtuka akamuuliza wewe nani, akajibu mimi Susi, natumika kwa Daktari Livingstone. Afu akatimua mbio kupeleka habari. Hii kaiandika Stanley mwenyewe kwenye kitabu chake, sio mimi naizusha.

Mwingine ni Bombay, Sidi Mubarak Bombay. Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akapata uhuru akarudi Afrika. Alifika Ujiji Februari 1858 na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869. Piga hesabu, Bombay alishaijua Ujiji miaka 11 kabla ya Livingstone kuiona. Akarudi 1871 na Stanley, akarudi tena 1874 na Cameron, mpelelezi mwingine wa Kiingereza, na huyo Cameron akavuka naye mpaka bahari ya Atlantiki upande wa Angola. Huyu mtu alistahili kibao chake pale chini ya mwembe.

Naomba tarehe 10 Novemba tuifanye siku ya wapagazi. Tuwataje kwa majina. Karibuni tujadili, na kama una tarehe nyingine ya Kigoma unayoona inafaa iweke hapa.

kijana wa Gungu

Mkuu uzi mzuri lakini nikuulize kitu, hayo makumbusho yanatusaidia nini sisi wa huku mtaani? Mimi naendesha bajaji, nawapeleka wageni pale nawasubiri nje nawarudisha. Nilishaingia enzi za shule ya msingi, tukapangwa mstari tukaambiwa huyu Livingstone huyu Stanley, tukatoka tukapewa andazi. Habari ya wapagazi sijawahi kuisikia hata siku moja. Na hizo sherehe unazosema mwisho wake wanakaa viongozi kwenye hema sisi tunasimama juani.

mwana_lwama

Gungu nakuelewa, na swali lako ndo swali lenyewe. Umesimama nje unasubiri abiria wakati hadithi iliyoko ndani ni ya watu wenye kazi kama yako, kusafirisha. Wapagazi walikuwa wanajadiliana mshahara, wanagoma, wanakimbia msafara kama malipo hayaeleweki, wanajua bei ya kitambaa kila kituo. Ujira ulikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Hapa Ujiji sokoni hela ilikuwa shanga zinaitwa sofi, zimekaa kama vipande vya kiko kilichovunjika, Cameron kazieleza vizuri alipopita hapa. Kwenye hilo soko kuna chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe, na watu, ndio, na watu pia walikuwa wanauzwa, hilo tusilifiche.

Kuhusu faida, angalia wenzetu. Songea wana Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka mwezi wa pili wanafanya kumbukizi mpaka tarehe 27 Februari, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga mashujaa 1906. Mji unajaa. Wazee wa Kingoni wanakaa mbele, ngoma zao, vyakula vyao. 2023 rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja pale pale Songea akaomba msamaha. Hawakulifikia hilo kwa kukaa kimya, walikuwa wanaitunza ile tarehe mwaka baada ya mwaka wenyewe. Nenda Bujora kule Kisesa Mwanza, makumbusho ya Wasukuma, kila Juni kuna Bulabo, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, wanashindana kucheza na watu wanatoka vijijini kwa malori. Mama ntilie, bodaboda, wenye gesti, wote wanakula siku hiyo. Hamna mtu anayemuuliza Msukuma Bujora inamsaidia nini.

Na Ujiji iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, ile njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali sio urithi kamili bado, lakini mlango uko wazi, na nafasi yetu itakuwa nzuri zaidi kama wenyeji tunaonekana tunapajali.

Bint Kasingirima

Kaka mwana_lwama ahsante kwa kusema na watu walikuwa wanauzwa. Ngoja niongee kama mtu wa Ujiji wa ndani kabisa.

Sisi kwetu ni Wamanyema. Bibi mzaa baba alikuwa anatuhadithia usiku, kwamba watu wake walitoka ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi ya Manyema huko Kongo, wengine walikuja kwa hiari na misafara wengine walifungwa minyororo, na wakifika Ujiji wengi walishika dini, lugha yao ikawa Kiswahili, wakajenga nyumba, wakazaa. Alikuwa hapendi kuulizwa nani alikuja vipi. Ukimuuliza anakwambia mjukuu wangu sisi sote ni waungwana, basi, anabadilisha mazungumzo. Nyumba nyingi za Ujiji ziko hivo. Mpaka leo kuna familia hazitaki mtu aanze kuchambua, na ndo maana nasema tarehe za makumbusho zisiwe ngoma na hotuba tu.

Kuna tarehe naomba iingie. 23 Agosti, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, UNESCO waliiweka kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe hiyo 1791 watumwa wa Haiti waliamka. Ujiji tuna haki nayo kuliko miji mingi. Siku hiyo nataka isiwe na muziki. Iwe dua asubuhi, afu wazee wanaotaka kusema wakae ukumbini waongee mmoja mmoja, warekodiwe kwa ridhaa yao, na asiyetaka aachwe. Kila mwaka tunazika wazee na hakuna aliyewakalisha chini akawauliza.

Na mwana_lwama umetaja Susi na Bombay, umewasahau wanawake. Pale kwa Livingstone alikuwepo Halima, mpishi wake. Stanley kamwandika siku ile ile ya kukutana, Halima amechanganyikiwa kwa furaha, anahangaika na chakula cha wageni wakati Daktari alikuwa hana kitu, mali yake yote aliyoiacha Ujiji ilikuwa imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Huyo Halima baadae Livingstone aliandika kwamba ni mwanamke hodari, mwaminifu, hajawahi kumwibia, na akaahidi kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar. Daktari akafa njiani. Mimi nikipita pale penye sanamu huwa namtafuta Halima. Wamama wa Ujiji wanaopika pilau la mazishi na la harusi wangemuelewa huyo mwanamke mara moja, tungekuwa na siku moja tu ya wamama kukaa makumbusho na kuongea jiko la msafara lilikuwaje, wangapi walikuwa wanapikia nani, walikuwa wanabeba watoto vipi.

Unyanyembe

Salaam kutoka Tabora. Jirani zetu wa mwisho wa reli nawapongeza, lakini msitusahau, hadithi yenu inaendelea huku kwetu.

Livingstone na Stanley walitoka kwenu wakaja Kwihara, Februari 1872, kwenye tembe ambayo mpaka leo ipo kama makumbusho, nje kidogo ya mji. Stanley akaondoka Machi akarudi pwani. Livingstone akabaki Kwihara anasubiri wapagazi Stanley aliowaahidi, akasubiri mpaka Agosti, wakafika, akaondoka nao tarehe 25 Agosti. Sasa angalia dada Bint Kasingirima kasema 23 Agosti. Siku mbili tu katikati. Ujiji mfanye yenu tarehe 23, sisi Kwihara tufanye 25, mtu anapanda treni Kigoma anashuka Tabora anaunganisha. Treni si ipo.

Na naomba niwaelezee kilichotokea baadae maana watu wanajua nusu. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao wakakaa kikao wakaamua mwili unarudi kwao. Moyo wakauzika pale chini ya mti, mwili wakaupaka chumvi wakauanika, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, safari ikaanza. Oktoba wakafika Kwihara. Wakamkuta Cameron, mzungu aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone huyo huyo, akawashauri wamzike pale pale Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Wakakataa. Wapagazi wamemkatalia ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wakashinda hoja.

Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini kwao. Wakafanya hivi: wakatangaza wamekubali kurudi kuzika Unyanyembe, wakachukua mabua ya mtama wakayafunga kitambaa yakakaa kama mwili, kundi dogo likabeba hiyo maiti ya bandia na kurudi nayo njia ya Tabora. Giza lilipoingia wakayatawanya mabua porini moja moja. Huku nyuma mwili wenyewe umeshafungwa upya kama robota la nguo, ukapita mbele ya kila mtu. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwezi wa nne akazikwa Westminster Abbey, na Susi na Chuma hawakuwepo kwenye mazishi, walipelekwa Uingereza baadae. Chama cha kijiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya hao watu, zimeandikwa waaminifu mpaka mwisho, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika.

Hii ni hadithi ya kuigizwa. Vijana wa Tabora waigize pale Kwihara, uwanjani, bila hema. Mabua tunayo.

Pia huku tuna kitu kingine ambacho watoto wangekipenda, ile sarafu ya dhahabu ya 1916. Vita ya kwanza Wajerumani walibanwa hela hakuna, wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, dhahabu ya Sekenke, rupia 15, upande mmoja tembo na nyuma yake mlima, na herufi T ya Tabora. Leo zinauzwa minadani Ulaya kwa bei kubwa. Mtoto wa Tabora hajawahi kuambiwa kwamba mji wake ulishatengeneza hela.

mvuvi wa Katonga

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mimi sio msomi niongee ya majini.

Walipokutana hao wazungu, mwezi huo huo wa kumi na moja walipanda mtumbwi wa gogo la mvule wakaelekea kaskazini kuangalia Rusizi, maana huko kwao walikuwa wanabishana maji yanaingia ziwani au yanatoka. Wakafika wakaona yanaingia. Sasa waliopiga kafi ni nani? Wajiji. Na naweka dhamana kwamba hao wapiga kafi walikuwa wanajua jibu kabla hawajatoka ufukweni, mvuvi gani wa ziwa hili hajui mto upi unaingia.

Tarehe yangu ni ya meli ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani 1913 pale Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli mpaka Dar, afu kwa reli, reli ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, ikaungwa upya hapa hapa, ikashushwa majini Februari 1915, jina lake wakati huo Graf von Goetzen. Julai 1916 Wabelgiji wanakuja, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa hiyo kazi walifanya jambo la akili, kabla ya kuizamisha injini zote wakazipaka grisi nzito. Ikakaa chini miaka, Waingereza wakaiopoa 1924, wakakuta mashine bado nzima. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba.

Kwa hiyo 16 Mei 2027 ni miaka 100. Na tarehe 18 Mei ni hiyo siku yenu ya makumbusho. Iwe majini iwe kwenye chelezo, miaka mia inafika. Watu wa Kirando, Kipili, Kasanga, Mpulungu mpaka Zambia, wote wana stori ya Liemba, watu wamezaliwa mle ndani, watu wamezika ndugu zao kwa kuwasafirisha na ile meli. Waambieni watu waanze kutafuta picha za zamani na tiketi za zamani kuanzia sasa hivi, mwezi wa tano wa 2027 ukifika hatutapata kitu.

Na jambo la pili, 2024 serikali ilifunga ziwa kuvua tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane. Ikifungwa hivo sisi tunakaa. Mafundi wa mitumbwi ndo wanapata kazi ya kukarabati. Waleteni makumbusho wakachonge na kupigilia mbele ya watu, watoto waone ubao unavyokunjwa na pamba inavyosukumwa kwenye nafasi kwa tindo, kidogo kidogo, afu inapakwa ili maji yasiingie. Mjomba wangu anafanya hiyo kazi, ukimuangalia nusu saa huondoki.

ticha wa mwisho wa reli

Nimefuatilia uzi tangu asubuhi nimeshindwa kunyamaza. Mimi nafundisha historia, na nasema ukweli kwamba ziara ya makumbusho tunaipanga kama safari ya kupiga picha. Mtoto anarudi na sentensi moja kichwani.

Nina pendekezo la darasani. Livingstone alipokuwa Manyema 1871 karatasi zilimwishia. Akachukua gazeti la zamani la Kiingereza, The Standard la Novemba 1869, akaligeuza ubavu akaandika juu ya maandishi ya gazeti, na wino ulikuwa umeisha pia akatengeneza wa matunda ya porini. Ule wino ukafifia karibu wote. Miaka ya karibuni wataalamu wakazipiga hizo kurasa picha za mianga tofauti tofauti, 2011 wakazitoa hadharani zikasomeka. Na kwenye hizo kurasa ndo kuna siku ya 15 Julai 1871 pale Nyangwe, wafanyabiashara walifyatua risasi sokoni, soko lenyewe limejaa wanawake, wakakimbilia mtoni wakazama, yeye mwenyewe aliandika kwamba wamekufa mamia. Akaacha safari yake akarudi Ujiji, kafika mwezi wa kumi kadhoofika, hana kitu, kakuta mali imeuzwa. Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza ilichochea watu, na Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar.

Dada Bint Kasingirima, Nyangwe ni Manyema. Wale wanawake wa sokoni ni watu wa bibi yako. Kwa hiyo naungana na wewe, 23 Agosti isiwe na muziki.

Darasani nataka watoto wafanye hivi: wapewe gazeti kuukuu, wachume zambarau au rosela, watengeneze wino wao, waandike kilichotokea mtaani kwao wiki hiyo juu ya hilo gazeti. Baada ya mwezi tunaangalia nini bado kinasomeka. Yale yanayosomeka tunayapeleka makumbusho tarehe 18 Mei yanabandikwa ukutani. Gharama yake ni ndogo sana.

Kingine ni mzigo. Mpagazi alikuwa anabeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, siku nzima, jua la Uvinza lile. Tufunge robota la kitambaa la uzito huo huo liwekwe mlangoni na kila anayeingia alinyanyue. Wanafunzi wangu wakubwa wengi hawatafika nalo kwenye mwembe. Hapo ndo nitawaambia sasa fikirieni kutoka Bagamoyo.

kijana wa Gungu

Ticha hiyo ya mzigo mimi niko tayari kuijaribu hata leo. Mwana_lwama nimerudi kusoma uzi wote, hii ya mabua ya Kasekera imeniingia sana aisee, kumbe jamaa walikuwa na akili hivi na sisi tunafundishwa kofia ya Stanley. Kama kweli tunafanya, mimi na wenzangu wa kijiwe cha Mwanga tutabeba wanafunzi wa shule moja bure kwenda na kurudi siku hiyo, mafuta tutachanga. Ila nataka na mimi niingie ndani safari hii.

Mha wa Dar

Nawasoma kutoka Dar. Ongezeni 14 Julai, siku mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe 1960. Amefariki Oktoba 2025 na Kigoma ndo ilikuwa nyumba ya kazi yake. Roots & Shoots, mpango wake wa vijana wa kutunza mazingira, ilianzishwa Tanzania 1991, shule nyingi za Kigoma zina klabu. Ujiji ni ya historia ya watu sawa, lakini wale wanaume wa vijijini waliomwongoza kwenye vilima vya Gombe na baadae wakawa watafiti nao ni wapagazi wa aina yake, majina yao hayajulikani kama ya sokwe.

mwana_lwama

Mha wa Dar umesema jambo zito, majina ya sokwe yanajulikana kuliko ya waliowafuatilia. Inaingia.

Wakuu nimeandika yote kwenye daftari. Nilivyoelewa tunakoelekea ni hivi. 18 Mei inayokuja ni ya watoto, magazeti ya wino wa zambarau ya ticha, robota la frasila mbili mlangoni, na fundi wa mitumbwi kama mjomba wa mvuvi atakubali, na hapo hapo tunaanza kukusanya vitu vya Liemba ili 2027 tusikimbizane. 14 Julai tunawaomba klabu za shule. 23 Agosti naiacha mikononi mwa Bint Kasingirima na wazee wa Ujiji, wao ndo watasema nani anaongea na nani anarekodi, sisi wengine tunakwenda kusikiliza, na Unyanyembe watatupokea Kwihara siku mbili baadae. 10 Novemba ni ya wapagazi, na nimeongeza Halima kwenye orodha, yupo juu kabisa na Bombay na Susi na Chuma.

Haya yote ni maombi yetu, bado hayajawa ratiba ya makumbusho. Pale kuna watumishi, kuna utaratibu, kuna ofisi ya utamaduni ya manispaa, hatuwezi kuvamia. Nataka tuandike barua moja fupi, tuipeleke kwa mkono, tukiwa na vitu tayari mkononi na sio mawazo tu. Ticha uandike sehemu ya shule. Mvuvi muulize mjomba anahitaji mbao kiasi gani na kivuli. Gungu nipe idadi ya bajaji. Bint Kasingirima, ukiona mzee hata mmoja yuko tayari kuongea na afya yake sio nzuri tusisubiri Agosti, tumfuate nyumbani.

Bint Kasingirima

Yupo mama mmoja mtaa wa nyuma yetu, mtu mzima sana, bado anakumbuka nyimbo za mtumbwini za kuvukia ziwa. Nimemuuliza leo jioni. Kasema njooni Alhamisi baada ya alasiri, mje na sukari na majani ya chai, na asije mtu na kamera mpaka yeye aseme.

ticha wa mwisho wa reli

Alhamisi nitakuwepo. Nakuja na daftari tu.

mvuvi wa Katonga

Mjomba kakubali. Anataka mbao za mninga au mvule, futi kumi na mbili, na anasema watoto wasisimame upande wa tindo.